Pingamizi Juu ya Maoni ya Marehemu Mke Wangu Kuhusu Kambare na Kiboko

Andrea Ntandu,
Kitongoji cha Bondeni,
Sepuka, Ikungi.
Agosti, katikati ya mwezi.

Kwa Katibu,
Mpango Shirikishi wa Samaki na Wanyamapori,
Bonde la Mto Msimbili,
Singida.

Ndugu Katibu, mwenye dhamana ya samaki wetu na wanyama wetu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ikiwa umri wako ni mdogo kuliko wangu, kama ninavyodhani, basi shikamoo yako nimekwisha kuipokea na nimeiitikia, ili tusipoteze nafasi ya karatasi. Niwie radhi kwa mwandiko. Mapadre walionifundisha pale Mungaa walisema kwamba barua njema ina kichwa, kiwiliwili na miguu. Mkono wangu siku hizi umezeeka, kwa hiyo ukiona barua inachechemea, kosa si la mapadre.

Nimeisoma rasimu ya Mpango wenu iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Niliisoma kurasa zote nikiwa nimesimama, kwani imebandikwa juu na chini yake pameandikwa kuwa ni marufuku kuibandua. Ukurasa wa mwisho unasema mwananchi mwenye pingamizi aandike kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atahesabiwa kuwa ameridhika. Mimi, Ndugu Katibu, sijaridhika. Nasema hivyo kwa unyenyekevu, na ningeomba usikasirike.

Jambo lenyewe ni hili. Chini ya shamba langu la alizeti kuna dimbwi ambalo mto hutuachia kila kiangazi ukikauka. Nimevua kambare humo tangu ujana wangu. Sasa rasimu inasema dimbwi lifungwe, nisitie ndoano tena. Kiboko mmoja mzee aliyefukuzwa na wenzake akahamia humo asibughudhiwe. Na shamba langu liwe njia yake ya kwenda malishoni. Sababu mliyoitoa ni kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu, nao wakaafiki kwa vigelegele.

Nilikuwepo. Vigelegele nilivisikia. Hata hivyo naomba ruhusa yako nieleze mambo machache, ambayo nimeyapa namba ili yasikuchoshe.

1. Mkutano ule wa hadhara haukuwa mkutano wa hadhara. Ulikuwa msiba wa mke wangu, Luciana.

Siwalaumu wataalamu wako. Walipangiwa kukutana na wananchi shuleni, wakakuta shule tupu, wakaona turubai, viti na watu wengi nyumbani kwangu, wakasema moyoni, kumbe wananchi wa hapa wana mwamko. Siku ile tulikuwa tunaondoa matanga. Nasi kwa desturi yetu mgeni wa msiba haulizwi amekuja kufanya nini. Anapewa kiti, anapewa maji ya kunawa, anapewa ugali wa mtama na mlenda, na akishashiba anaombwa aseme neno. Wataalamu wako walipewa kiti, wakanawa, wakala, wakasema neno. Sisi tulidhani wametoka ofisini kwa mwanangu Benjamin kule Dodoma kuleta pole. Walipoanza kueleza kwamba bonde letu linapoteza uhai siku hadi siku, wanawake wakaangua kilio, maana tuliona wameanza vizuri.

2. Karatasi za mahudhurio hazikuwa karatasi za mahudhurio, kwa upande wetu. Zilipopitishwa, kila mtu alifikiri ni kitabu cha rambirambi. Palipoandikwa «Taasisi» watu wakajaza «Wakwe». Palipoandikwa «Cheo» wakajaza «Shemeji». Nimesoma katika rasimu kwamba taasisi yenye wanachama wengi zaidi katika bonde hili inaitwa Wakwe, na kwamba inapendekezwa ijengewe uwezo. Nakuomba kama mzee wako, usiwajengee uwezo wakwe. Uwezo walionao unatosha.

Palipoandikwa «Maoni», wengi waliandika «Kazi ya Mungu haina makosa». Rasimu inasema kutokana na hayo kuwa wadau wengi wameridhishwa na hali ya sasa ya mto. Wengine waliandika «Poleni sana, tuko pamoja nanyi katika kipindi hiki kigumu», na rasimu inasema wadau wana mshikamano wa kipekee na kambare. Na wale walioandika «Sote njia yetu ni moja» ndio walioniponza mimi. Kwa ajili yao mmechora ushoroba mmoja tu wa wanyama kuelekea mbugani, na kwa kuwa njia ni moja, imepita katikati ya alizeti zangu.

3. Katekista Antipasi hakuwa mgeni rasmi. Yeye aliongoza sala. Aliomba marehemu apumzishwe mahali tulivu, mbali na makelele ya dunia hii. Nanyi mkaandika kwamba kiongozi wa dini ametaka liwepo eneo tulivu kuzunguka dimbwi. Kanisa letu limo ndani ya eneo hilo. Jumapili iliyopita Antipasi alinijia ananiuliza kwa hofu kama kengele ya ibada ya kwanza ipigwe, au angoje mpaka kiboko aamke. Nilimshauri apige kidogo.

Kadhalika Bwana Prabhudas si «mwekezaji». Amezaliwa Singida mjini, karibu na soko, na ukoo wetu umenunua chumvi na ndoano dukani kwao tangu enzi za baba yake. Alikuja na mkwewe Gayatri kunipa pole, wakaleta sukari. Alipopitishiwa bakuli la kambare alisema kwa upole, «Hapana, ahsante mzee wangu, sisi hatuli kitu chenye macho.» Rasimu inatangaza kwamba sekta binafsi imeahidi kutogusa kiumbe chochote chenye macho katika bonde zima, na kwamba atapewa cheti. Mtu mwema yule sasa hana raha. Amenipigia simu kuniuliza kama mbu ana macho, maana dukani anauza dawa ya kuwaua.

4. Mimi mwenyewe nimeandikwa hivi, na nimenakili neno kwa neno: «Mmiliki wa shamba alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Hakuwa na pingamizi. Alionekana kuguswa mno na hali ya samaki, hata akatokwa na machozi.»

Ndugu Katibu, mfiwa hasemi. Mfiwa hukaa mkekani, husemewa na msemaji wa ukoo. Na machozi yale hayakuwahusu samaki.

5. Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Katika orodha ya waliotoa maoni kwa kirefu, wa kwanza kabisa ni «Bi. Luciana Mkhoi, mkazi». Mke wangu. Naomba radhi kwa kulisema waziwazi: Bi. Luciana Mkhoi siku ile alikuwa na juma zima kaburini.

Aliyesema ni Paskali Kitundu, Mnyiramba, mtani wetu. Sisi Wanyaturu na wao tuna utani, na mtani msibani ana ruhusa ya kututukana, nasi hatuna ruhusa ya kukasirika. Ndiyo kazi yake, atuchekeshe tusife wote. Basi siku ya kuondoa matanga Paskali aliingia ndani, akavaa kitenge cha marehemu, akajifunga kilemba chake, akachukua fimbo yake, akatoka anatembea kama yeye, bega moja chini, akisimama kila baada ya hatua kutafuta wa kumgombeza. Akawakuta wataalamu wako wamefungua madaftari. Mtani gani angeacha nafasi kama hiyo?

Akasema, kwa sauti ileile ya Luciana, hata kuku wakageuka (nanakili kutoka rasimu yenu):

«Nyamazeni! Mnanililia nini, si nilipokuwa nasema mlikuwa mnaziba masikio? Wageni, karibuni, mimi ndiye mwenye nyumba. Wanangu, andikeni vizuri, maana huyu mzee wangu haandiki, yeye anavua. Tangu anioe anavua! Anatoka alfajiri, ananirudishia kambare mmoja mwenye ndevu kuliko katekista, halafu anataka asifiwe siku tatu. Na matope yake nafagia mimi! Dimbwi lile lifungwe. Yule kiboko mwacheni, tena mpeni na alizeti, huyo angalau anajua saa ya kurudi kwake.»

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Hapo ndipo mtaalamu wako wa samaki, binti mmoja mpole anayeitwa Pendo, alipoinua kalamu na kuuliza kwa adabu kubwa, «Shikamoo mama. Kwa hiyo unapendekeza uvuvi usitishwe kwa muda, au moja kwa moja?»

Paskali akamjibu, «Marahaba. Moja kwa moja, mwanangu. Mimi huko niliko sina nafasi ya kurudi kuangalia.»

Mkaandika: moja kwa moja.

6. Mambo hayakuishia hapo. Binti Pendo aliomba wananchi wachague mwenyekiti wa Kamati ya Dimbwi, na watu, wakiwa bado wanacheka na wengine wanapangusa machozi, wakapaza sauti, «Luciana! Luciana!» Amechaguliwa bila kupingwa. Nimejaribu kukumbuka uchaguzi mwingine wa hapa kwetu uliokuwa huru na wa amani kiasi kile, nimeshindwa.

Tangu hapo barua zake zinakuja. Ya kwanza ilimpongeza. Ya pili ilimwalika kwenye semina ya kutambua mayai ya kambare. Ya tatu inasema kwa masikitiko kwamba Mwenyekiti hakuhudhuria wala hakutoa udhuru, na akikosa tena atachukuliwa kuwa hana moyo wa kujitolea. Nilipanda basi hadi ofisini kwenu mjini nikiwa na cheti chake cha kifo. Kijana wa mapokezi alikisoma, akanipa pole, akaniambia kwa heshima kwamba cheti kinathibitisha kifo lakini hakithibitishi kujiuzulu. Anayejiuzulu ni lazima afike mwenyewe, na picha ndogo. Nilimshukuru, nikarudi.

7. Kwa kuwa sasa ofisi yako imekubali kwamba marehemu ni wadau, basi haki itendeke kwa marehemu wote, si kwa mke wangu peke yake. Baba yangu alivua katika dimbwi lile. Babu yangu alivua. Kaka zake babu walivua, na mmoja wao alifia humohumo akiwa hataki kuachia kambare. Hawa nao wana maslahi katika bonde, tena ni ya muda mrefu kuliko ya kiboko, ambaye ni mhamiaji. Naomba uitishwe mkutano mpya, makaburini kwetu, na wavuvi wote waliolala pale wahesabiwe. Wasiosema kitu waandikwe kuwa hawana pingamizi, kama nilivyoandikwa mimi. Nina hakika ya kushinda kwa kura nyingi, kwani katika wazee wale hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikiliza mwanamke akimaliza sentensi.

Nakiri kwamba Luciana naye amelala palepale, kwa hiyo atakuwepo. Hilo pekee ndilo linalonitia mashaka.

8. Namba hii nilikuwa nimeiandika kuhusu kiboko kula alizeti, nikaifuta. Alikula safu mbili za pembeni, zile zilizokuwa zimeshambuliwa na ndege. Sipendi kumsengenya asiyeweza kujibu barua.

Kwa ufupi, naomba yafuatayo. Jina la marehemu mke wangu lifutwe katika rasimu, pamoja na kila alichosemeshwa na Paskali. Uenyekiti utangazwe kuwa wazi. Ushoroba uhamishwe. Dimbwi lifunguliwe, hata kwa mvuvi mmoja tu, mzee, mwenye ndoano moja, ambaye kwa siku nyingi harudi na kitu. Usidhani nina tamaa ya samaki. Nyumba yangu ina viti vinne, na jioni naketi kwenye kimoja. Dimbwini angalau mtu akikaa kimya peke yake watu husema anavua.

Ikiwa nimevuka mipaka ya adabu mahali popote, nakuomba unisamehe kabla hujaendelea na kazi nyingine. Nisalimie wataalamu wako wote: dereva, yule kijana aliyehangaika kutafuta umeme wa mashine yake ya kurusha picha ukutani, na zaidi binti Pendo, aliyekula mlenda wetu bila kukunja uso na akamwamkia marehemu shikamoo, jambo ambalo wajukuu zangu wengine hawakuwahi kulifanya alipokuwa hai. Wasalimie Wakwe, mtakapokuwa mnawajengea uwezo. Kiboko nitamsalimia kupitia ofisi yako, kwani rasimu hainiruhusu kumsogelea.

Wako mtiifu, mkazi wa bonde kwa kuzaliwa na mfiwa kwa majaliwa,

Andrea Ntandu.

Nyongeza. Ndugu Katibu, nisamehe tena, bahasha ilikwisha kufungwa nami nimeifungua kwa mvuke wa birika. Nilitaka kuhakikisha kwamba maneno ya Luciana katika namba ya 5 nimeyanakili sawasawa, nikayasoma kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni. Nikayasoma tena. Paskali ni mshenzi, lakini ana sikio.

Nimetafuta karatasi nyingine yenye neno lolote alilosema mke wangu. Katika daftari la kijiji yeye ni «mke wa Andrea». Kwenye kitabu cha kanisa ni «mama Benjamin». Alihudhuria mikutano ya hapa maisha yake yote, akasema katika kila mmoja, hata tukamwomba apunguze, na muhtasari haujawahi kumtaja. Seremala aliyechonga msalaba wake amekosea hata jina. Ni ninyi peke yenu, katika bonde zima, mlioandika kwamba Bi. Luciana Mkhoi alisimama akasema, na mkaliandika jina lake lote, na mnataka kulitekeleza alilosema.

Kwa hiyo nayaondoa mapingamizi yote, la 1 hadi la 7. Msimfute. Lifungeni dimbwi. Ndoano yangu nitampa Bwana Prabhudas aiuze tena, haina macho.

Naomba rekebisho moja tu. Pale palipoandikwa kwamba nilitaka nisifiwe siku tatu, Paskali aliongeza chumvi. Luciana hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alikuwa akimtazama yule kambare, kisha ananitazama mimi, halafu anauliza, «Ndiye huyu tu?» Liingizeni hilo, ili kumbukumbu iwe kamili.

Semina ijayo nitahudhuria kwa niaba yake. Aidha nimeona kwenye rasimu kwamba nafasi ya katibu wa Kamati ya Dimbwi bado haina mtu. Naiomba. Uzoefu ninao: nimetekeleza maagizo ya Mwenyekiti huyu tangu siku niliyomwoa, na sikumbuki pingamizi langu hata moja lililowahi kupita.